Kanuni za darasa la kemia: jinsi ya kuzipanga kabla pipeti ya kwanza haijavunjika

Mwaka wangu wa pili kazini nilibandika kwenye ukuta wa maabara kanuni ishirini na mbili. Ya tisa ilisema: "Atakayevunja kifaa atalipa." Muhula ule hakuna aliyevunja kitu, au ndivyo nilivyodhani. Wiki ya kufunga shule, binti mmoja wa kidato cha tatu aliingiza mkono kwenye sinki lililoziba ili atoe takataka maji yapite. Mkono ulitoka na kipande cha testi tyubu kimezama kwenye kiganja. Tulipofungua bomba la chini tukakuta vioo vya muhula mzima: testi tyubu, ncha ya pipeti (mrija wa kioo wa kuvuta na kupimia kimiminika), hata shingo ya koniko flaski. Watoto walikuwa wanavunja kama kawaida, ila walikuwa wanaficha, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kuficha.

Tangu siku hiyo kila kanuni ninayotaka kuiandika naiuliza kwanza: itamfanya mwanafunzi aseme, au afiche? Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo. Nauandika kwa ajili ya mwalimu mgeni wa kemia kwenye shule ya kawaida ya Tanzania, tuseme shule ya kata, yenye maabara lakini haina kila kitu. Wa fizikia na baiolojia watachukua kinachowafaa.

Hatua ya 1: Hesabu kabla hujaandika

Nenda maabara wiki moja kabla shule haijafunguliwa, uende na daftari. Hesabu bureti nzima (mirija mirefu ya kioo yenye mistari ya vipimo na koki chini), pipeti, vishikio, taa za spiriti, miwani ya kinga. Fungua kila bomba uone kama maji yanatoka, na kama hayatoki, uliza pipa liko wapi na nani analijaza. Angalia madirisha yanayofunguka na mlango wa pili, kama upo, funguo zake ziko kwa nani. Halafu nenda kwa mwalimu wa taaluma akupe idadi ya wanafunzi wa kila mkondo.

Tuchukue mfano wa wanafunzi 62 na bureti 14. Ukiwaingiza wote kwa pamoja, kila bureti itazungukwa na watu wanne au watano: mmoja anafungua koki, mmoja anatikisa flaski, mmoja anaandika, na waliobaki wanapiga soga. Ukigawa darasa mara mbili, kila bureti inakuwa na watu wawili au watatu, na hapo ndipo kila mtu anashika. Lakini huwezi kuwa maabara na darasani kwa wakati mmoja. Panga na fundi sanifu maabara kama shule inaye, au na mwalimu mwenzako, ili nusu wafanye vitendo wiki hii huku nusu nyingine wakiwa na zoezi la hesabu za mola (kipimo cha kiasi cha chembe katika kemia), wiki ijayo mbadilishane. Mwombe mwalimu wa taaluma akupe vipindi viwili vya mfululizo, yaani dakika 80. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi kupanga vifaa, kufanya kazi na kuosha. Omba mapema, ratiba ikishabandikwa utaambiwa subiri muhula ujao.

Hesabu hii ndiyo itakayoamua kanuni zako. Usiandike "Kila mwanafunzi avae miwani" wakati shule ina miwani sita. Watoto wakiona kanuni moja haiwezekani, watajua na nyingine ni za ukutani tu. Andika kinachowezekana: anayepasha moto na anayemimina tindikali ndio wanaovaa miwani, wengine wanasimama hatua moja nyuma. Kuhusu tindikali kali zisizochanganywa na maji, mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha tatu hana sababu ya kuzigusa kabisa. Unazimua wewe au fundi wako kabla ya kipindi, tindikali ikiingia kwenye maji kidogo kidogo, kamwe si maji kwenye tindikali. Ukigeuza, joto linalotokea linaweza kuchemsha yale maji papo hapo na kurusha tindikali usoni.

Hatua ya 2: Andika kanuni zisizozidi nane

Ishirini na mbili hazisomwi. Hata mimi niliyeziandika sikuwa nazikumbuka. Hizi ndizo ninazotumia sasa kwa kidato cha tatu, kwa Kiswahili kama ninavyozitamka:

1. Huingii maabara kabla mwalimu hajaingia.
2. Viatu vya kufunika mguu. Ushungi, tai na mikono ya sweta vimefungwa au vimechomekwa.
3. Hakuna kinachoingia mdomoni: si karanga, si maji, si pipeti.
4. Kikivunjika, kikimwagika au kikikuunguza, sema papo hapo. Kusema hakuna adhabu.
5. Unachokiona unakiandika kwa kalamu ya wino, saa hiyohiyo, kwenye daftari la vitendo.
6. Kilichobaki hakirudi kwenye chupa na hakiendi kwenye sinki mpaka uambiwe.
7. Hujaelewa maelekezo, hujaanza.
8. Hatuondoki mpaka vifaa vihesabiwe.

Ya pili ina jambo la kuelezea. Wapo walimu wanaowaambia wasichana wavue ushungi karibu na moto. Usifanye hivyo, utaanzisha ugomvi na mzazi, na ugomvi huo utakuwa wa haki. Ncha za ushungi zichomekwe ndani ya shati na zibanwe kwa pini. Kitu cha kuogopa ni kitambaa kinachoning'inia, hasa cha nailoni kinachoyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Tai ya mvulana ina hatari ileile, na sijawahi kusikia mtu akiilalamikia.

Ya tatu nayo. Kuvuta pipeti kwa mdomo bado kunafanyika katika shule nyingi, na walimu wengi tulifundishwa hivyo. Kama huna vivutio vya mpira, chukua bomba la sindano lenye ujazo mkubwa kuliko wa pipeti, lisilo na sindano, unganisha na kipande kifupi cha mpira laini kinachobana juu ya pipeti, uvute taratibu. Maduka ya dawa yanauza bomba hizo kwa bei ndogo. Mwanafunzi atazoea kwa siku mbili. Ukishampa chombo hicho, kanuni ya tatu inakuwa haki kumdai. Kabla ya hapo ni maneno matupu.

Hatua ya 3: Kipindi cha kwanza, onyesha, usisome

Makosa ya wengi ni kuzisoma kanuni kama tangazo la mkutano wa kijiji. Mimi naingia na yai.

Navunja yai, natenga ute kwenye kioo cha saa, kile kisahani kidogo cha maabara, nauweka mezani, wote wanasogea. Nawauliza: sehemu gani ya mwili wenu inafanana na hii, laini, yenye maji, unaona upande wa pili? Hawachelewi kusema jicho. Navaa miwani na glovu, nachukua tindikali kali ya haidrokloriki kwa dropa, nadondosha matone machache. Ute unaanza kuwa mweupe pale pale, kama yai lililotiwa kwenye maji ya moto. Nawapa kazi: urudisheni uwe kama mwanzo. Mmoja atapendekeza maji, mwingine magadi. Tunajaribu maji, haurudi. Tunajaribu magadi, unatoa mapovu, haurudi. Hapo sihitaji kusema neno lolote kuhusu miwani.

Baada ya hapo tunafanya zoezi la ajali, bila ajali. Mmoja anapiga kelele "Maji!", wa jirani anamkimbiza kwenye bomba au pipa, wa tatu ananiita. Tunarudia mara tatu. Wafundishe kwamba kemikali ikimwagika kwenye ngozi au machoni, dawa ni maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, na nguo iliyolowa inavuliwa. Dakika 20 ni ndefu. Waache wazihesabu kwa saa ya ukutani, ndipo watajua kwa nini kusuuza mara moja hakutoshi. Wakataze kupaka dawa ya meno, mafuta ya kupikia au asali kwenye sehemu ya mwili iliyoungua, maana nyumbani ndivyo wanavyofanya. Na mtu asimimine besi, kinyume cha tindikali, kwenye ngozi iliyounguzwa na tindikali akidhani "zitauana". Kwenye bika, lile kopo la kioo, ni kweli zinauana, ila kuuana huko kunatoa joto, na ngozi si bika.

Spiriti ina somo lake. Taa ya spiriti mchana, karibu na dirisha, moto wake hauonekani vizuri. Mtoto anadhani imezimika, anafungua kuongeza spiriti, chupa nzima inawaka mkononi. Kwa hiyo taa haijazwi mpaka iwe imezimwa kwa kifuniko na imepoa kiasi cha kuigusa. Anayejaza ni mwalimu au fundi peke yake. Ndoo ya mchanga ikae mahali inapoonekana, na isigeuzwe pipa la takataka.

Hatua ya 4: Amua suala la lugha, usiliache lijiamulie lenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu orodha nyingi za kanuni hazigusi kabisa na ndipo darasa linapofia.

Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote. Anaingia kidato cha kwanza, wiki chache za kozi ya kumwandaa, halafu anafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Shule nyingi zina ubao getini unaosema Kiingereza tu. Sasa fikiria maabara. Siku moja tulikuwa tunapasha moto nitrati ya risasi, chembe ndogo tu, madirisha yote wazi, kwa sababu gesi ya kahawia inayotoka ni sumu na chumvi yenyewe ni sumu. Napita mezani, msichana mmoja anamnong'oneza mwenzake: "Inalia kama chumvi ikimwagikia mkaa." Nilisimama. Huo ni uchunguzi kamili, ndio hasa mtahini anaoutafuta: chumvi hiyo hupasukapasuka kwa sauti ikipashwa moto. Nikaangalia daftari lake. Tupu. Alikuwa amesikia, ameelewa, amelinganisha na jikoni kwao, ila hakuwa na neno la Kiingereza la ule mlio, akaona heri aache.

Kanuni niliyoweka baada ya hapo ni hii: kuona ni kwa lugha yoyote, kuandika kwa Kiingereza ni kazi yetu sote. Mwanafunzi anaruhusiwa kusema na kuuliza kwa Kiswahili maabara bila kuvishwa shingoni kibao cha adhabu ya kuongea Kiswahili. Neno likikosekana, analiandika kwa Kiswahili kwenye daftari, analizungushia duara. Mwisho wa kipindi tunakusanya maneno yenye duara, tunayapa Kiingereza chake, tunayabandika ukutani kwenye karatasi ya manila. Kufikia katikati ya muhula wa pili karatasi imejaa: mlio wa kupasuka, mashapo (chembe zinazojitenga kwenye kimiminika) kama maziwa ya mgando, harufu ya kuchoma pua, rangi ya kutu. Wakati huo maduara kwenye madaftari yamepungua yenyewe.

Katika muhula wa kwanza sikati alama kwa sarufi kwenye daftari la vitendo. Nakata kwa kutokuona. Mwalimu mwenzangu wa Kiingereza aliniambia nawadekeza. Labda. Lakini kwenye karatasi ya pili ya kemia, ile ya vitendo, aliyeona ana kitu cha kuandika hata kwa Kiingereza kibovu, asiyeona hana.

Na tahadhari zote za hatari ni kwa Kiswahili: Simama! Maji! Zima! Mtu akishituka hatafsiri.

Hatua ya 5: Jenga kanuni ya takwimu za kweli

Wanafunzi wanapika matokeo. Tusidanganyane, na sisi tulipika. Kuna siku mtu anakuletea jedwali la mililita zilizotoka kwenye bureti lenye 25.00, 25.00, 25.00, safi kama nguo ya Idi. Kuna anayejitia ujanja zaidi anaandika 23.47. Huyu wa pili ni rahisi kumkamata: bureti ya shule imegawanywa kwa mistari ya mililita 0.1, jicho la mtu linaweza kukadiria nusu ya mstari, basi. Tarakimu ya 7 mwishoni ameitoa wapi?

Lakini ukiishia kukamata, utapata wapishi hodari zaidi. Jiulize kwa nini wanapika. Wanapika kwa sababu wanaamini kuna namba moja sahihi mfukoni mwa mwalimu, na kila iliyo tofauti nayo inakatwa. Vunja imani hiyo mapema. Waeleze kwamba sodiamu haidroksidi hunyonya unyevu na gesi ya kaboni dioksidi ikiachwa wazi, kwamba chembe ulizopima Jumatatu si zilezile Ijumaa, na kwamba namba iliyotoka kwenye hesabu ya karatasi haina lazima ya kutoka kwenye bureti. Waonyeshe bureti yako mwenyewe siku iliyokosea, ukiwa umesahau kutoa povu la hewa kwenye ncha. Mimi hufanya makusudi mara moja kila mwaka, na kila mwaka kuna mtoto mmoja anayeliona povu kabla sijamaliza. Huyo napata naye raha ya mwaka mzima.

Halafu weka utaratibu ambao kupika kunakuwa kazi kuliko kupima:

Kila kundi linaanza na jaribio la makadirio, kisha matatu ya kweli. Namba inaandikwa moja kwa moja kwenye jedwali kwa wino, hakuna karatasi ya pembeni. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya namba ili bado isomeke, unaandika mpya pembeni na sababu kwa maneno mawili matatu: "povu", "nilipitiliza", "tulisoma juu". Kifutio na wino mweupe haviingii maabara. Wastani unachukuliwa kwenye namba zinazokaribiana, tofauti isizidi mililita 0.2. Iliyoachwa inabaki kwenye jedwali, ila haiingii kwenye wastani.

Alama nazo ziseme hivyohivyo. Katika kila zoezi la alama 20, mimi natoa 8 kwa jedwali lililoandikwa vizuri, 6 kwa hesabu, 4 kwa kueleza kilichoenda kombo, 2 tu kwa ukaribu na namba yangu. Watoto ni wepisi wa hesabu za maslahi. Wakishaona "povu" lina alama kuliko 25.00, watakuletea mapovu yote.

Hatua ya 6: Kazi za nyumbani, kunakili na alama

Toa kazi fupi. Maswali matatu yanayofanywa yanafaa kuliko kumi na tano yanayonakiliwa chini ya mwembe saa moja na robo asubuhi. Kumbuka wapo wanaofika nyumbani jioni, wakachota maji, wakapika, na mwanga ni wa tochi ya simu ya mama. Wape siku mbili, si usiku mmoja. Anayechelewa anapokelewa mpaka wiki moja, alama zake zinapungua robo. Baada ya wiki tunafanya pamoja na hakuna alama. Nimeona darasa ambapo kazi ya kuchelewa haipokelewi kabisa. Matokeo yake ni yale ya sinki: anayechelewa ananakili ya mwenzake iwahi.

Kazi mbili zikifanana mpaka kosa, siulizi nani kamnakili nani. Nawaita wote wawili ubaoni, mmoja anafanya swali la kwanza, mwingine la pili, na namba nimebadilisha. Akiweza, alama ni zake. Asiyeweza anarudia kazi. Kusoma pamoja si kosa, na ukilifanya kosa utaua vikundi vya kujisomea. Kuangalizia kwenye jaribio la darasani ni jambo jingine: karatasi inachukuliwa, anapewa nyingine siku nyingine, na mwalimu wa darasa anajulishwa.

Bandika ukutani madaraja ya mtihani wa kidato cha nne yaani A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo ni F. Wengi wanaopata 44 hawajui kuwa wamekosa C kwa alama moja. Wakijua, watakuja wenyewe kudai alama ya jedwali.

Hatua ya 7: Mahudhurio, kuchelewa na afya

Kwenye kipindi cha kawaida anayechelewa anaingia kimya anakaa. Maabara hapana, anasimama mlangoni mpaka nimpe maelekezo upya, kwa sababu hajasikia kilicho mezani ni nini. Si adhabu, na mwambie hivyo. Aliyekosa kipindi cha vitendo anafidia na mkondo mwingine wiki hiyohiyo.

Simu haziletwi shuleni, suala hilo limeshaamuliwa juu yetu.

Mwanzoni mwa mwaka waombe waandike kwenye kikaratasi, kinachokuja kwako tu, kama wana pumu, kifafa, mzio au tatizo la macho. Eleza kwa nini unauliza. Jaribio la thiosulfeti na tindikali, lile la kuangalia msalaba uliochorwa kwenye karatasi ukipotea chini ya bika, linatoa gesi ya salfa dioksidi. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Mweke karibu na dirisha awe mshika saa, tumia kiasi kidogo, na mwaga mchanganyiko mara tu msalaba unapopotea. Mwenye kifafa asipewe kazi ya moto akiwa peke yake. Asiyejua kutofautisha rangi naye yupo, karibu kila mara ni mvulana, na amekuwa akiongopa rangi ya mashapo miaka yote akiangalia midomo ya wenzake. Mpe mwenzake wa kumtajia rangi, usimtangaze.

Wasichana watoke nje bila kueleza sababu. Kuinua mkono na kuonyesha mlango kunatosha.

Hatua ya 8: Adhabu

Fimbo haiingii maabara. Kisheria kwanza: kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na lazima viandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa kemia anayemchapa mtoto kwa bika iliyovunjika amevunja kikubwa kuliko bika. Pili, mtu anayeogopa mkono wa mwalimu hawezi kushika koki ya bureti ikatulia.

Kuosha maabara pia si adhabu. Ukiifanya hivyo, siku ya kuosha kwa zamu kila mtu atajiona mfungwa, na wataosha kama wafungwa.

Ninachofanya: aliyecheza na moto au kemikali anaondolewa kwenye kushika, anakuwa mwandishi wa kundi kwa kipindi hicho. Anakaa palepale mezani, anaona kila kitu, ila mikono haigusi. Kwa kijana wa miaka kumi na sita hiyo inauma kuliko unavyodhani. Kipindi kinachofuata anasoma maelekezo ya siku hiyo kwa sauti mbele ya kundi, anarudi kazini. Akirudia, mwalimu wa darasa na mzazi. Kosa kubwa, kwa mfano kuiba kemikali, linapanda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, usilimalize wewe.

Kuhusu kulipa vifaa, zungumza na mkuu wa shule kabla hujaahidi chochote. Tangu 2016 sekondari za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada, na michango si jambo la mwalimu mmoja kujitungia. Mimi naweka daftari la vilivyovunjika: tarehe, kifaa, kilivyovunjika, bila jina. Mwisho wa mwaka daftari hilo ndilo ninaloomba nalo bajeti. Mwaka mmoja lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya testi tyubu ilikufa kwenye kuosha, si kwenye kazi, kwa sababu brashi zilikuwa zimechakaa waya ukatokeza. Tulinunua brashi.

Hatua ya 9: Karatasi moja kwa mzazi

Kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Kanuni nane, siku za vitendo, viatu vinavyotakiwa, na sentensi moja kwamba mtoto akirudi ameungua au amekatwa lazima awe ameshakueleza na umeshamhudumia. Mzazi asaini. Nakala moja kwa mkuu wa shule. Kwenye kikao cha wazazi usiwahubirie, waonyeshe yai.

Hatua ya 10: Wiki ya sita, wape kanuni wazihariri

Baada ya wiki sita chukua kipindi kimoja, gawa vikaratasi, uliza mambo mawili: kanuni gani hatuifuati, na ipi inakosekana. Bila majina. Utasoma mambo ya kukuaibisha kidogo. Kuna mwaka nilikuta vikaratasi kumi na moja vimeandika kuwa anayeongoza kuvunja kanuni ya tatu ni mwalimu, na kikombe chake cha chai. Kikombe kilihamia ofisini.

Wakati ule bado nilikuwa na kanuni ya "Hakuna kuzungumza maabara". Darasa liliifuta. Walisema anayesoma bureti anainama, anayeandika yuko upande wa pili wa meza, namba inapotea katikati, ndiyo maana jedwali linaandikwa baadaye kwa kukisia. Mahali pake waliandika wao wenyewe, kwa mwandiko wa kiranja wao: "Anayesoma bureti asome kwa sauti. Anayeandika arudie kwa sauti. Zikitofautiana, wasome tena."